Kapeti ya Japani

Ilianza Jumamosi moja ya likizo ya Agosti, saa nne na dakika kumi asubuhi. Saa naijua kwa sababu nilikuwa nimetoka kuitazama simu ya mama, nikitafuta kisingizio cha kutotoka nje kwenye baridi. Trekta lilisimama langoni kwetu, kule ndani ya Chaka, likivuta gari kwa nyororo kutoka Mweiga. Ndani ya gari alikuwa baba, ameshika usukani kwa mikono miwili kama anayeendesha kweli, madirisha yote yamefungwa. Alishuka akitabasamu. Tangu augue sikuwa nimemwona akitabasamu hadi meno yaonekane.

Lilikuwa gari la Kijapani la rangi ya fedha, aina ya wagoni, lenye buti refu, taa moja imepasuka na ubavu mmoja umeparuzwa kama umepita kwenye ua wa michongoma. Baba alinifungulia mlango wa mbele kama dereva wa arusi.

"Ingia, maitu," akasema. Huniita maitu, yaani mama yangu, kwa sababu nilipewa jina la mama yake.

Niliingiza kichwa tu. Nikakitoa.

Uvundo ule sijui niuandike vipi. Maziwa niliyatambua mara moja, lakini yalikuwa maziwa yaliyopita kuganda, yakapita kuchacha, yakafika mahali ambapo hata nguruwe angeyakataa. Ndani ya maziwa kulikuwa na mkojo wa panya. Na juu ya vyote, kwenye kioo cha dereva, kilining'inia kikaratasi cha manukato ya stroberi ambacho aliyeuza alikuwa amekitundika. Stroberi ile ndiyo ilikuwa mbaya kuliko vyote. Mdomo wangu ulijaa yale mate membamba yanayokuja kabla ya kutapika, nikayameza.

Baba hanusi. Homa ya kifua iliyomlaza miaka miwili iliyopita iliondoka na pua yake na haikuirudisha. Anaweza kuinama juu ya sufuria inayoungua akakuuliza kama chai iko tayari. Tumezoea, mama ndiye hunusa nyama kabla ya kupikwa na gesi kabla ya kuwashwa. Lakini homa hiyo iliondoka na kazi yake pia, maana alikuwa dereva wa lori la viazi na kifua kilikataa vumbi. Tangu hapo alikuwa akiamka jua limeshapanda, anakaa kwenye kibao nyuma ya jikoni akitazama kuku. Mtu aliyemuuzia gari lazima alishangaa kuona mnunuzi anaingia, anafunga madirisha na kusema linamfaa.

Na mimi nililihitaji gari hilo kuliko mtu yeyote. Nilikuwa mwanafunzi wa bweni, shule iliyo nje kidogo ya mji wa Nyeri, na bweni lilikuwa limenishinda. Mimi ni mtu wa kinyaa na mtu wa haya, na ukiwa na vyote viwili bweni si mahali pako. Sikuweza kuoga mbele ya wasichana arobaini. Sikuweza kwenda chooni mtu akingoja nje ya mlango anakohoa. Nilikuwa nazuia haja mpaka tumbo linakuwa gumu kama ubao, na muhula wa pili nilipelekwa kwa nesi mara mbili kwa sababu hiyo, jambo ambalo sijamwambia mtu hata leo. Kutoka kwetu hakuna usafiri wa kunifikisha shuleni mapema, kwa hivyo baba alisema wazi: gari likitembea kabla shule haijafunguliwa, nitakuwa nalala nyumbani. Lisipotembea, narudi bweni.

Ndiyo maana nilipotoa kichwa mle ndani nilimtafuta mama kwa macho. Alikuwa mlangoni pa jikoni, kitambaa cha kichwa amekishusha puani. Tulitazamana.

"Ni zuri," mama akasema.

"Ni zuri sana," nikasema mimi.

Fundi alikuja kutoka Chaka mjini Jumatatu yake. Alikuwa mwanamume mnene, mcheshi, mwenye ovaroli iliyokauka kwa grisi mpaka ingeweza kusimama bila yeye. Alifungua mlango, akarudi nyuma hatua moja, akafunga leso puani. Baba akamuuliza kuna nini. Fundi akasema ni vumbi. Kisha akapiga magoti, akainua ukingo wa plastiki iliyotandikwa sakafuni na kuimba sifa. "Mzee, hii ni orijino. Hata plastiki ya Mjapani iko. Kapeti haijawahi guswa."

Asiyetoka huku pengine hajui heshima tunayoipa kapeti ya Japani. Gari likishuka melini, chochote kilichokuja nalo hakiondolewi: plastiki ya viti, vibandiko vya maandishi yao kwenye kioo, kijitabu ambacho hakuna anayeweza kukisoma. Tuna jirani ambaye ameketi juu ya plastiki tangu niwe mtoto. Kukiwa na jua inamng'ang'ania mapaja, lakini hatoi. Mwenye gari kabla yetu alikuwa mtu wa aina hiyo hiyo. Alibeba mitungi ya maziwa kutoka mashambani hadi Mweiga kila asubuhi, na badala ya kutoa kapeti alitandika plastiki nyingine juu ya ile ya kwanza, ili aitunze. Maziwa yalipomwagika yalipita pembeni, yakashuka na kulala chini, mahali ambapo hakuna kitambaa kingeyafikia. Na kila yalipomwagika tena, yalikuta wenzao.

Siku ya pili fundi alijaribu. Aliuliza, kama mtu asiye na haja sana, kama wangetoa kapeti waianike siku moja tu kwenye jua. Baba alimtazama kana kwamba amependekeza kumng'oa jino.

"Ukitoa kapeti ya Japani, hairudi vile Mjapani aliiweka," akasema. "Utasikia kelele ya barabara mpaka uzeeke."

"Sawa mzee, gari ni yako," fundi akasema, na akanikonyeza. Nilimchukia kwa kule kunikonyeza, kwa sababu kulinifanya mwenzake.

Kazi yangu ilikuwa kushika tochi na kupitisha spana. Nilijifunza kupumua kwa mdomo, halafu nikagundua kwamba ukipumua kwa mdomo unauonja uvundo. Fundi alikuwa anahifadhi nati mdomoni, kati ya shavu na meno, na kila alipohitaji moja aliitema kiganjani ikiwa na mate meusi na kuniambia nimshikie. Alivuta petroli kwa mpira, akatema, akaipangusa midomo kwa kiwiko, na kwa mkono huo huo akachukua githeri, yale mahindi na maharagwe ambayo mama alikuwa amemletea, akala ameegemea boneti. Walibadilisha shokabsoba za nyuma. Wakaweka spesa, vile vipande vinene vya mpira vinavyokaa juu ya springi, gari likainuka mpaka likafanana na mbuzi aliyesimama kwa kwato za nyuma, kwa sababu barabara ya kwetu ina mawe ambayo Mjapani hakuyafikiria. Wakanyoosha ubavu, wakapaka rangi ambayo haikulingana vizuri na ile ya zamani. Redio ya Kijapani haishiki stesheni zetu nyingi, kwa hivyo fundi alifunga kidude nyuma yake, na kutoka siku hiyo baba alisikiliza taarifa ya habari akiwa ndani ya gari lililosimama.

Ukiliwasha, sauti ya mwanamke ilikuwa inasema jambo kwa Kijapani, polepole na kwa adabu. Baba alikuwa anamjibu. "Asante, mama," alikuwa akisema, na kugeuka kuniangalia kama nimeona vile tunaheshimiwa.

Halafu walijaribu hita. Nilikuwa nimeketi mbele, mbele kabisa ya matundu ya hewa, kwa sababu baba alitaka niwe wa kwanza kupata joto. Feni ilinguruma kama inayosafisha koo na kututemea nyasi kavu, vipande vya sponji, na manyoya. Manyoya ya kijivu, laini, mengi. Moja lilinata kwenye mdomo wangu. Fundi alifungua kisanduku kilicho nyuma ya droo ya dashibodi akatoa kiota kizima, na ndani ya kiota walikuwamo watoto wa panya watano, wamekauka, wepesi kama maganda ya njugu. Alinipa nikatupe. Nikabeba kwa koleo, mkono nimeunyoosha mbele, nikienda ubavu ubavu kama kaa. Siku hiyo nilisugua midomo kwa chumvi mpaka ikatoka damu, na hata hivyo usiku nilikuwa bado nalisikia lile nyoya.

Jumapili kabla ya shule kufunguliwa, baba alialika pasta aje aliombee gari. Kwetu gari halianzi kazi bila maombi. Mama alipika chapati na kuku, akina mama wa kanisa wakaja na leso zao nzuri wakalizunguka gari na kuweka mikono juu ya rangi mpya. Pasta wetu ni mtu wa maombi marefu. Akiombea harusi watoto husinzia. Baba akamfungulia mlango, akamketisha kwenye kiti cha dereva, na, kwa sababu kulikuwa na upepo, akamfungia. Tulimwona pasta kupitia kioo. Aliinua mkono mmoja, midomo ikacheza, akasema amina na kutoka nje akiwa na machozi. Ndiyo yalikuwa maombi mafupi kuliko yote aliyowahi kufanya. Baba aliguswa sana na yale machozi.

Akina mama walikula kuku wakiwa wamekaa mbali, upande wa upepo. Mmoja wao aliponiaga aliushika mkono wangu kwa muda na kuniambia, "Pole, mami," na nilijua anachosema.

Basi shule ikafunguliwa, na gari likatembea. Asubuhi nilikuwa nafunika magoti kwa gazeti, nageuza uso dirishani, nahesabu miti. Baba alipenda madirisha yafungwe kwa sababu ya kifua chake, na hita iwe juu kabisa. Joto lilikuwa linayaamsha yale maziwa. Alikuwa ananisimulia safari zake za zamani za lori hadi Nanyuki na Isiolo, vitu ambavyo hakuwa amenisimulia tangu niwe mdogo, na nilikuwa najibu kwa kuguna maana singeweza kufungua mdomo.

Siku ya kwanza darasani, msichana tunayeketi naye alinusa hewa, akauliza kama kuna mtu amekanyaga kitu. Kila mtu aliinua viatu vyake akatazama. Mimi pia niliinua vyangu nikatazama.

Siku ya tatu walikuwa wamejua ni mimi. Nilijaribu kila kitu. Nilikuwa navua sweta langoni na kulifunga kwenye mfuko wa plastiki, nakaa na shati tu kwenye baridi ya asubuhi mpaka vidole vinakuwa vya zambarau. Nilijipaka maganda ya ndimu kwapani na shingoni. Nilinuka ndimu na maziwa. Wakaniita Mala, kama maziwa ya mgando ya pakiti.

"Mala, leo umeletwa ukiwa baridi ama umepashwa?" yule tunayeketi naye alikuwa akiniuliza kila asubuhi, na darasa zima linangoja. Watu wa haya hupata majibu yao wakiwa kitandani.

Wiki chache baadaye alihamia deski ya nyuma, na nikawa na deski yangu peke yangu. Lakini nilikuwa naenda chooni kwetu, naoga kwetu, nalala kitandani kwangu. Nilipima gari na bweni kila siku na kila siku nilichagua gari.

Kisha mvua ikaja. Maji yaliingia kwa chini, sijui wapi, pengine mahali ambapo trekta lilifungia nyororo, na kapeti ikanywa. Ukikanyaga, plastiki ilikuwa inatoa sauti kama mtu anayekula ugali na maziwa bila kufunga mdomo. Uvundo ulibadilika. Sasa ulikuwa na utamu ndani yake, utamu wa kitu kinachoishi.

Ijumaa moja jioni tulikuwa tunarudi nyumbani, tumeshapita mji, hita imewashwa, baba ananieleza vile lori hushushwa mteremko likiwa limejaa. Nilisikia kitu kinanitekenya juu ya kiatu. Nikainua gazeti. Kwenye soksi yangu nyeupe kulikuwa na funza, mweupe pia, ndiyo maana sikumwona haraka. Alikuwa anapanda kwa kujikunja na kujinyoosha, bila haraka. Chini yake alikuwa mwingine. Pembeni mwa plastiki, pale inapokutana na mlango, walikuwa wanatoka kama watu wanaotoka kanisani.

Nilimwambia baba asimame. Sikumaliza kusema. Nilitapika nusu ndani, nusu nje, nikamalizia chini ya mikaratusi kando ya barabara, nimevua kiatu na soksi na kuvitupa mbali. Baba alishuka na chupa ya maji. Akaniuliza wametupikia nini shuleni.

"Si chakula, baba," nikasema. "Ni gari. Gari inanuka."

"Inanuka nini?"

"Maziwa. Maziwa imeoza. Na panya. Sasa iko na funza."

Aligeuka akalitazama gari. "Tangu mvua?"

"Tangu siku ile ilikuja."

"Mama yako anajua?"

"Kila mtu anajua."

"Hata pasta?"

"Hata pasta."

Alikaa kwenye ukingo wa mtaro, chupa mkononi. Magari yalipita yakituwashia taa. Niliona anavuta hewa kwa pua, mara mbili, tatu, kwa nguvu, kama mtu anayejaribu mlango ambao anajua umefungwa.

"Na mkaniacha tu," akasema. "Nikawabeba ndani ya choo, na nikamwambia kila mtu aingie."

"Ulikuwa umeanza kuamka mapema," nikamwambia. Sikupata njia nyingine ya kusema.

Aliinuka akarudi kwenye usukani. Tulipokaribia nyumbani, madirisha yote wazi na yeye anakohoa, alisema bila kunitazama kwamba Jumatatu nitarudi bweni. Gari angelitafutia mtu mwingine wa maziwa. Alisema kwa upole, na upole ule ulinitisha zaidi ya kelele. Aliliegesha nyuma ya boma la ng'ombe, mahali ambapo halionekani kutoka barabarani, akaenda kuketi kwenye kile kibao chake. Hakula. Mama aliniuliza kama singengoja mpaka mvua iishe ndiyo niseme, halafu akaona uso wangu na kuniachia maji ya moto.

Asubuhi yake niliamka kabla mama hajaenda kukamua. Nilivaa gambuti za mpira, nikajifunga kitambaa puani, nikachukua spana na kisu cha kukatia nyasi. Nilikuwa nimemshikia fundi tochi ya kutosha kujua kwamba kiti cha mbele kinashikwa na nati nne tu. Tatu zilitoka. Ya nne ilikuwa imeshika kutu, nikaiwekea mguu na kusukuma mpaka ikalia ikafunguka. Nilikitoa kiti nikakiweka kwenye nyasi.

Kisha nikakata. Plastiki ya juu kwanza, halafu ile ya Mjapani, kutoka mlango hadi mlango. Chini yake kapeti ilikuwa imegeuka kitu cha manjano, kinene, kimeshikana kama jibini, na ndani yake funza walikuwa wengi hivi kwamba kilikuwa kinasogea chenyewe. Nilitapika, lakini hakukuwa na kitu tumboni. Nikashika ukingo kwa mikono miwili na kuvuta. Ilitoka kwa vipande, kila kipande kizito kama mtoto, na maji yake yakaniingia kwenye mikono ya sweta mpaka viwiko. Niliviburuta hadi shimo la taka. Nilikuwa nalia, lakini si kwa huzuni, ni kwa kinyaa tu.

Niliporudi kuchukua kipande cha tatu, baba alikuwa amesimama kando ya gari na gambuti zake. Alitazama nyasi, kiti, kisu.

"Nani amekuambia utoe kapeti ya Japani?"

"Hakuna mtu."

Aliangalia ndani kwa muda mrefu. Macho yake yalikuwa mazima, aliwaona funza. Uso wake ulikunjamana, kwa mara ya kwanza, vile nyuso zetu sote zilikuwa zimekunjamana tangu Agosti. Akazunguka upande wa pili, akachukua spana nyingine, akaanza kufungua kiti cha dereva.

"Jumatatu utasikia kelele ya barabara mpaka Nyeri," akasema akiwa ameinama.

"Nitasikia," nikasema.

Tulipofika kwenye bati tupu, alimwaga maji ya moto na sabuni akasugua kwa brashi ya boma, na kila baada ya muda aliinua kichwa akaniuliza kama hapo pamekwisha. Hangeweza kujua. Nilikishusha kile kitambaa puani, nikapiga magoti, nikaweka uso karibu na bati na kuvuta hewa. Nikamwonyesha kwa kidole.

"Hapa bado."